Jiwe Lililofika Badala Yangu

Machimbo ya ulanga,
Milima ya Uluguru,
21 Machi 1954

Dada Mektrida,

Leo ni tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tatu, na tangu nipande gari pale Himo umepita mwaka mmoja na miezi minne. Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujasoma mbele, maana najua hapendi habari itangulie salamu. Mguu wake unaouma wakati wa baridi umepoa? Na mdogo wetu Thadeus ameshapalilia kahawa, au anangoja mvua impalilie? Mimi ni mzima. Nakula ugali mpaka nimesahau mtori una ladha gani.

Kazi ni ileile. Tunachimba ulanga, lile jiwe linalobanduka kurasa kurasa kama kitabu. Tunaingia shimoni weusi na kutoka tunametameta kwa vumbi, kama watu waliopakwa kwa ajili ya harusi ambayo hatukualikwa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwezi wa kumi na mbili nilimpa Abasi, utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Moshi mjini, mzigo mdogo auache Himo. Ndani mlikuwa na barua na jiwe. Jiwe ni jeusi, lina ganda la njano juu yake, ukubwa wake kama yai la bata, lakini ukilishika utadhani mtu anakuvuta mkono chini. Hapa yanatupwa kando, hayana kazi. Nilipoliona nikakumbuka ule mfuniko wa mtungi wa mbege wa Mama, unavyoinuliwa na povu kila mara. Nikasema hili litaukalisha. Nililifunga kwa shati langu la bluu lililokwisha kuchanika ili lisimtoboe Abasi mfuko.

Mbona mmenyamaza? Hata kama Mama amelicheka, niandikie kwamba amelicheka.

Nilisema nitarudi Krismasi iliyopita. Sasa nasema Krismasi ijayo.

Nduguyo,
Sirili

*

Marangu,
9 Mei 1954

Mdogo wangu Sirili,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Mvua ni kubwa, mfongo wa maji umebomoka huko juu na wanaume wote wameitwa kuutengeneza, kwa hiyo Thadeus ana kisingizio cha kutopalilia. Ng'ombe amezaa dume. Tangu mume wangu afariki na mimi kurudi hapa kumtunza Mama, nimezoea kukata majani ya ng'ombe mwenyewe.

Barua yako niliisoma peke yangu migombani. Nilipoona mwandiko nikaikunja, nikatazama nyuma yangu. Kisha nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa, na sketi yangu ikalowa, wala sikujali. Sirili, tulikulilia. Tulikulilia mwezi wa kwanza, siku zote za matanga, na mimi na Mama tulinyoa vichwa.

Mzigo wako ulifika bila barua. Abasi aliuacha dukani Himo, mwenye duka akampa mama mmoja wa sokoni, naye akampa mwenzake, mpaka ukafika mlangoni kwetu: shati lako, na ndani ya shati jiwe. Mama alilijua shati kwa kiraka alichokishona mwenyewe. Hakulifungua. Alilipima mkononi, akaniambia, "Mektrida, zima moto." Hapo nikajua nyumba ina msiba.

Wewe hukusimuliwa, kwa sababu habari hizi husimuliwa jikoni, na wewe ulikuwa unakimbia jikoni. Wakati wa vita vya Mjerumani, watu wetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya askari walikufa mbali, na hapakuwa na njia ya kuwarudisha. Wenzao waliokota jiwe pale mtu alipoangukia, wakalifunga kwa nguo yake, wakalileta kwao likazikwe. Mjomba Anaeli alirudi hivyo. Mama alikuwa msichana, na ndiye aliyelipokea lile jiwe mlangoni.

Basi wazee walikaa, wakakukatia sehemu chini ya miti ya masale, karibu na zizi. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Baba alipokufa, mwana wa kiume wa kwanza alikwisha kupata kihamba chake cha migomba, Thadeus wa mwisho akapata nyumba, na wewe wa katikati ukapata nauli. Ulipokuwa hai hukuwa na pa kuchomeka mgomba mmoja. Ulipokufa wamekupa mahali, tena penye kivuli.

Nimemsomea Mama barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ameandika nani?"

"Sirili, Mama."

"Karatasi huandikwa na yeyote asiyetaka nilie. Kaka yangu naye tuliambiwa ni mzima, na jiwe lake liko njiani. Mimi nimeshika uzito wa mwanangu kwa mkono huu."

Nimesema yote niliyoweza kusema. Anaitikia vizuri tu, kisha anakwenda kukaa chini ya masale. Usingoje Krismasi. Njoo, usimame mbele yake, akuguse.

Dada yako,
Mektrida

*

Uluguru,
25 Julai 1954

Dada Mektrida,

Sijui mtu anawasalimuje watu waliomzika. Shikamoo. Shikamoo kwa Mama. Mwambie ni mimi, mwenye kovu la panga kwenye kidole gumba cha mguu, niliyekula asali ya Padre na kumsingizia paka.

Barua yako ilikaa Morogoro wiki nyingi kwa sababu njia ya mlimani ilikatika. Nilipoisoma sikwenda kazini. Mkataba wangu haunipi ruhusa mpaka nimalize siku zangu za kazi, na nilikuwa nimepoteza nyingi kwa kikohozi. Ni vumbi tu. Lakini nina jambo la kumwambia Mama kuhusu lile jiwe, na ninataka umsomee polepole.

Wamekuja watu wa serikali wa kupima mawe. Wana kisanduku kinacholia tik, tik. Wakikiweka karibu na ulanga, kinalia moja moja. Walipokiweka karibu na rundo la mawe yale meusi, kililia kama mahindi yanayokaangwa. Wakayakusanya yote kwa koleo na kuuliza nani amechukua. Mimi nilinyamaza.

Msaidizi wao ni Filemon, mtu wa Nyasa, tunalala naye nyumba moja. Nilimweleza.

"Umempelekea mama yako urani afunikie pombe?" Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Liko wapi sasa?"

"Limezikwa."

Akaacha kucheka. "Afadhali," akasema. "Udongo ni mlinzi mzuri."

Nilimwomba anieleze, naye alinieleza jioni nyingi, kwa sababu mimi naelewa kidogo kidogo. Kila kitu kimejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyoitwa atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini mna punje za aina mbili, protoni na nyutroni. Hesabu ya protoni ndiyo ukoo wa kitu. Zikiwa themanini na mbili, hicho ni madini ya risasi, hata ukiyakuta wapi. Zikiwa tisini na mbili, ni urani, na urani ndiyo iliyomo katika jiwe letu. Sasa kiini cha urani kimejaa mno. Protoni hazipendani, kila moja inaisukuma nyingine, na nguvu inayozishika pamoja inachoka kwa wingi wao. Ni kama kihamba kimoja chenye watoto wengi wa kiume. Hapo nilimwambia Filemon, hayo kwetu tunayajua.

Basi siku moja, bila kuguswa na mtu, kiini kinatupa nje punje nne zilizoshikana, protoni mbili na nyutroni mbili. Kikishazitupa, kimebaki na protoni tisini. Si urani tena. Ni kitu kingine, kinaitwa thori. Ukoo umebadilika pale pale, na kwa nje jiwe ni lilelile. Moto hauwezi kulizuia, wala baridi, wala nyundo.

Mwambie Mama hivi: jiwe la Mjomba Anaeli lilikuwa jiwe la kawaida, limelala tu. Hili halikulala. Linasogea ndani yake wakati wote. Si jiwe la kumzikia mtu. Ni jiwe nililomletea akalishie mfuniko, na mimi niliyelileta ninapumua.

Nenda ukakate jani la sale, umshikie kwa niaba yangu. Mwambie Sirili anaomba msamaha kwa kumliza. Tangu zamani hakuna mtu wa kwetu aliyekataa sale.

Sirili, niliye hai

*

Marangu,
3 Oktoba 1954

Mdogo wangu,

Marahaba, wewe mwizi wa asali. Tumeanza kuchuma kahawa, Thadeus ameteguka mkono na sasa anatoa amri tu, kama karani wa ushirika. Mama anakusalimu kwa namna yake. Anasema, "Mwambie huyo anayeandika, Mungu amlipe kwa wema wake."

Nilimsomea polepole kama ulivyosema. Kuhusu ukoo na kihamba alielewa kuliko mimi. Nilipofika mahali pa kusogea akainua kichwa.

"Kumbe linasogea?"

"Ndani kwa ndani, Mama. Kiini chake."

"Na linatupa vitu nje?"

"Ndivyo anavyosema."

"Halijatulia."

"Halijatulia, Mama, kwa hiyo siyo..."

"Basi ana baridi," akasema. "Tumemweka mtoto ardhini naye hajatulia."

Kesho yake nilikwenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti chini ya masale, mikono myeusi kwa udongo, amelifukua. Amelikosha kwa maji ya vuguvugu, Sirili. Amelifunga tena kwa shati lako. Sasa analala nalo kifuani, na mchana analibeba kwenye kanga, tumboni. Wanawake wa jirani wanamtania, "Mama Mektrida, umepata mtoto uzeeni?" Naye anawajibu, "Huyu halii. Wa kwenu wanalia." Siku nyingi sikumsikia akitania. Anakula. Anaimba.

Sale nilikata. Nilipiga magoti nikamshikia. Akasema, "Sale la mtu aliye hai silikatai. La mfu sijui linapokewaje. Akilitaka, aje alishike mwenyewe."

Ninakuuliza jambo moja. Uliandika kwamba Filemon aliacha kucheka, akasema afadhali limezikwa. Hukuandika kwa nini. Kwa nini, Sirili?

Dada yako,
Mektrida

*

Morogoro,
28 Novemba 1954

Dada,

Shikamoo, na unisamehe salamu zangu fupi. Lichukue hilo jiwe kwa Mama leo. Usingoje kesho. Mdanganye, mwambie Padre anataka kulibariki, mwambie lolote. Lizikeni kina cha mkono mzima, mbali na mahali pa kukaa, na msipande kitu cha kuliwa juu yake. Osheni mikono.

Sikukuandikia kwa sababu lilikuwa limezikwa, na niliona haina haja ya kuwatisha. Nilikosea. Nilitaka aamini kwamba niko hai, nikachagua maneno ya kumfanya aamini, nikaacha mengine.

Vile vitu vinavyotupwa nje havipotei bure. Zile punje nne zilizoshikana hazina safari ndefu, hata karatasi huzisimamisha. Lakini kuna namna nyingine. Nyutroni moja ndani ya kiini inageuka kuwa protoni, na inapogeuka inarusha nje kitu chepesi, elektroni, ambacho hupenya shati na ngozi. Na mara nyingi kiini kikishajipanga upya hutoa mwanga usioonekana, nao hupita mwilini kama jua linavyopita katikati ya majani ya mgomba. Unapopita unavunja vitu vidogo ndani ya mtu. Kwa jiwe dogo na siku chache, Filemon anasema si neno kubwa. Kwa jiwe kifuani kila siku, hakusema. Alianza kufunga kamba za viatu vyake.

Nilimuuliza, litaisha lini? Likae muda gani ndipo lichoke? Akasema atomu hazichoki wala hazizeeki. Kati ya nyingi, nusu zitageuka katika muda wake, na kwa urani muda huo ni miaka mingi kuliko tunavyoweza kusema. Kisha nusu ya zilizobaki, katika muda uleule tena. Lakini ukichukua atomu moja na kuuliza, wewe je, ni lini? Hakuna ajuaye. Iliyokuwapo tangu dunia iumbwe na iliyozaliwa jana, kama ni za aina moja, bahati yao ni moja. Nikamwambia hiyo si sayansi, hicho ni kifo chenyewe. Akasema, "Hesabu yake tunaijua, bwana. Zamu ndiyo hatuijui."

Nilikuwa nije Krismasi hii. Sitaweza. Niko Morogoro kwa muda, kwa ajili ya shughuli. Usiniulize shughuli gani.

Mwambie Mama sale namshikia kutoka huku.

Sirili, niliye hai

*

Marangu,
17 Aprili 1955

Mdogo wangu Sirili,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Novemba ilifika mwezi wa pili, imezunguka mpaka Tanga na kurudi. Thadeus amepona mkono. Yule ndama dume tumemuuza, hapana, nisiseme uongo, tumemchinja, watu walikuwa wengi. Mvua imeanza. Kahawa inachanua na harufu yake imeingia mpaka ndani ya nyumba.

Nilipoisoma nilifanya ulivyosema. Nilimwambia Padre anataka kulibariki. Akaniambia, "Padre ana mikono ya baridi, na mtoto huyu ana baridi yake." Niliweza mara moja kulichukua alipolala, akaamka akapapasa, Sirili, akapapasa kitanda chote. Nilimrudishia. Kama wewe ungeweza kufanya zaidi, basi ungefanya.

Usihangaike tena juu ya jiwe. Liko ardhini, kina kirefu kuliko mkono. Hakuna anayelilalia.

Maliza shughuli zako taratibu. Hakuna haraka tena.

Dada yako,
Mektrida

*

Morogoro,
12 Juni 1955

Dada Mektrida,

Shikamoo. Msalimu Thadeus, na mwambie mkono uliopona ushike jembe.

Barua zako zote zilikuwa na neno la Mama. Hata ile uliyoniambia nimezikwa ilikuwa na neno lake. Hii ya mwisho haina. Niliigeuza nyuma nikatafuta pembeni, pale unapoandika ukiishiwa nafasi. Kisha nikarudi pale uliposema watu walikuwa wengi. Nimeelewa. Mama amekufa, nanyi mmemzika na jiwe lake. Usiniandikie tena kueleza, nitakusikia ukinisimulia kwa mdomo wako.

Sikulaumu kwa kumrudishia. Najua angepapasa.

Filemon alipokuja kunitazama, nilimuuliza kama ni jiwe lililomuua. Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana. Alisema hajui, na kwamba hata wakubwa wake wakiulizwa hawatajua, kwa sababu Mama alikwisha kuzika mwana kabla ya kuanza kulala nalo, na kisanduku chao hakipimi majonzi. Nimelala na jibu hilo siku nyingi. Sasa nalibeba tu.

Nami nikuambie nililokuficha. Shughuli ya Morogoro ni hospitali. Nimelazwa tangu Novemba. Siyo vumbi peke yake. Katika safari ya urani ya kugeuka kutoka ukoo hadi ukoo, kuna mahali inapofika ikawa hewa, haina rangi wala harufu. Hewa hiyo ilijaa shimoni, tukaivuta. Ikiwa kifuani inaendelea na safari yake, inatupa inavyotupa, inageuka tena kitu kigumu, na kinabaki humo. Kwa hiyo mwenzake wa jiwe lile ninaye mimi. Daktari amenipa mkono wa kwaheri na kuniambia nikapumzike kwetu. Hakusema kwa muda gani. Nimejifunza kutouliza zamu.

Nilichokuwa sijakueleza kuhusu urani ni hiki. Ikitupa zile punje nne inakuwa thori, protoni tisini. Thori inageuza nyutroni moja, inakuwa na tisini na moja. Nacho hicho kinageuza nyutroni moja, kinafika tisini na mbili. Nilipohesabu nikamwambia Filemon, lakini tisini na mbili ni urani! Akasema ndiyo, imerudi kwao, ukoo ni uleule, ila ni nyepesi kuliko ilivyoondoka. Haikai sana. Inaondoka tena, hatua kwa hatua, mpaka iwe risasi, na hapo ndipo inapotulia.

Kwa hiyo ukiniona usipige kelele njiani. Nimekuwa mwepesi. Suruali nimeikaza kwa kamba. Ni mimi yuleyule.

Pale chini ya masale, pembeni ya Mama, kama wazee hawajabadili neno lao, mahali pangu pangali pangu. Walinipa wakidhani nimekufa, nami sitawarudishia. Usimruhusu Thadeus apande ndizi hapo.

Usikate sale. Safari hii nitalikata mwenyewe na kulishika mwenyewe, kama alivyotaka, hata kama wa kulipokea ni udongo. Wewe njoo tu mpaka njia panda unisaidie kupanda mlima, maana pumzi yangu haifiki mbali.

Nitashuka Himo Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa saba.

Sirili, niliye hai